Bwawa la koi bila dreni ya chini

Picha za ujenzi wa bwawa lile la Mbezi mmeziona zote, kuanzia shimo hadi siku samaki walipoingizwa. Kina cha mita 1.5, nondo zilizofungwa karibukaribu, kuta zilizomwagiliwa maji wiki nzima, wavu wa kuzuia korongo: kazi nzuri, na mafundi wastahili sifa. Lakini asubuhi ya kumwaga jamvi bwawa hilo liliharibiwa, na hakuna uzuri wa ukuta utakaolifidia.

Tuirudie asubuhi hiyo. Shimo lina urefu wa mita 5 na upana wa mita 3. Nondo za sakafu zimeshafungwa. Katika picha ya kwanza bomba la inchi 4 lipo, limeegemezwa ukutani pamoja na kiwiko chake na kifuniko cha dreni. Katika picha ya pili zege limeshamwagwa na linasawazishwa kwa pimamaji, na bomba bado limeegemea palepale. Kati ya picha hizo mbili mtu alitoa amri. Sababu iliyotolewa baadaye ni ileile tuliyoizoea: tundu sakafuni litavuja, kwa hiyo pampu ya kuzama iwekwe katikati inyonye uchafu.

Hofu ya kuvuja ina dawa yake. Bomba hulazwa chini ya jamvi, huzibwa midomo na kujazwa maji usiku kucha; kiwango kikiwa hakijashuka asubuhi, huzungushiwa zege pande zote ndipo sakafu inamwagwa, ikiwa na mteremko wa kuelekea tunduni. Ni kazi ndogo kwa fundi bomba, na vifaa vyake vilikuwa vimeshanunuliwa. Hata wajenzi wa mabwawa ya kuogelea, ambao sijawahi kuwapenda karibu na samaki, huweka tundu la chini.

Pampu ya kuzama haiwezi kushika nafasi hiyo. Kinyesi cha koi kinapotoka bado kimeshikamana. Kikipita kwenye dreni husafiri polepole kwa uzito wa maji yenyewe hadi kwenye chemba ya kutuamisha, hulala chini, na mwenye nyumba akifungua koki jioni, kinyesi huenda zake kwenye migomba. Pampu hukikuta kikiwa kizima na kukisaga. Uchafu uliosagwa hupenya brashi na sponji za chujio, hurudi bwawani, huoza na kula oksijeni. Nayo oksijeni yetu ni haba tangu mwanzo: maji ya nyuzi 30 hushika takriban miligramu 7.5 kwa lita, ilhali ya nyuzi 15 hushika 10. Alfajiri, baada ya mwani kukesha ukivuta oksijeni bila kuitoa, ndipo mnapomwona koi mkubwa kuliko wote akihema juu ya maji. Mkubwa ndiye hutangulia kufa.

Na mpira wa pampu ukichomoka usiku? Pampu iliyolala sakafuni itamwaga maji bustanini hadi samaki wabaki wamelala ubavu. Penye dreni, pampu ikiwa kwenye chemba ya mwisho ya chujio, hukosa maji ya kuvuta mara tu kiwango cha bwawa kinaposhuka chini ya ukuta wa chemba.

Wanaoutetea uamuzi huu wanasema chujio ni kubwa. Ni kubwa kweli. Lakini bakteria wake huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kukomaa, na zege jipya hupandisha pH ya maji. Kwa joto la pwani, pH ikitoka 7 ikafika 8, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka karibu mara 10. Kuliziba chujio changa kwa uchafu uliosagwa, katika wiki hizo hasa, ni kuwaweka samaki hatarini bila sababu yoyote.

Nami narudia nililolisema miaka yote kuhusu wapamba bustani: hutanguliza mapambo. Fedha za mawe ya maporomoko zilipatikana. Fedha za kokoto nyeupe za kutandaza sakafuni, ambazo huficha uchafu uleule, zilipatikana. Bwawa la koi ni kama nyumba: anza na chemba ya choo, mapazia yatafuata.

Wazee waliotupatia samaki hawa hawakuhitaji kuelezwa. Wakulima wa mpunga wa milima ya Niigata, ambao koi wao walionyeshwa Tokyo mwaka 1914, walifugia kwenye mabwawa ya tope, na hadi leo mabwawa hayo hukaushwa kila vuli samaki watolewe na tope lipumzike. Njia ya maji kutokea chini ilikuwapo hata penye udongo mtupu. Huku kwetu nao, waashi wa zamani wa birika za kutawadhia hawakupaka niru kabla ya kujua maji machafu yatatokea wapi. Sisi wenye mabomba ya plastiki na pampu za kila saizi ndio tunaobishana.

Bwawa hili bado linaokoka likiguswa sasa, samaki wakiwa na urefu wa kiganja. Koi aliyelishwa vizuri hufika sentimita 60, na kumhamisha huyo ni shughuli nyingine kabisa. Samaki wahamishiwe kwenye tangi lenye pampu ya hewa. Jamvi likatwe mifereji miwili hadi chini ya ukuta, kwa sababu dreni moja hutosha eneo la kama mita 3 kwa 3 na hapa urefu ni mita 5. Nondo zitakazokatwa ziungwe upya, mabomba yajaribiwe kwa maji, kisha juu yake imwagwe sakafu mpya yenye mteremko. Kina kitapungua sentimita chache tu. Kila bomba liwe na koki yake. Chemba ichimbwe upande wa migomba, ambako ardhi tayari inashuka, na kokoto nyeupe zisirudishwe.