Simu Ilikuwa Mkononi mwa Nani

Ukifika Muthurwa unatafuta gari la Dandora, husomi ramani. Unasikiliza makanga anavyoita, unakwepa mkokoteni, na kama bado huelewi unamuuliza mama anayeuza vitunguu. Ujuzi wa matatu za Nairobi ulikaa hivyo miaka mingi, vichwani na midomoni mwa watu, hadi mwaka 2012 ulipoanzishwa mradi wa Digital Matatus wa kuchora ramani ya njia hizo, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani, na kampuni ndogo ya Groupshot. Ramani ilizinduliwa Januari 2014 ikiwa na njia zaidi ya 130. Agosti 2015 njia hizo zikaingia kwenye Google Maps.

Ramani yenyewe imesifiwa vya kutosha. Kinachonivuta mimi ni kikosi kilivyogawana kazi, kwa sababu utafiti wa fedha za ng'ambo una desturi yake tunayoijua: wa hapa akusanye, wa kule afikiri.

Wanafunzi wa Nairobi ndio waliopanda magari na simu mkononi. Simu ilirekodi njia kwa GPS. Gari likisimama, mwanafunzi aliweka alama na kuandika jina la steji. Inaonekana kazi ya mikono tu. Lakini steji ni nini? Nyingi hazina kibao wala kibanda; nyingine serikali haizitambui, na bado abiria mia wanashukia hapo kila asubuhi. Jina laweza kuwa la duka lililofungwa zamani. Anayeamua kwamba hapa ni steji na pale gari limekwama tu kwenye foleni, huyo anafikiri, tena anafikiri jambo ambalo profesa aliyeko Marekani hana namna ya kulijua.

Ugumu ulikuwa kwenye muundo wa data. GTFS, muundo unaotumiwa na programu za safari duniani, ulianzia Portland, Marekani, mwaka 2005, kwa mabasi yenye ratiba. Unadai kila gari liwe na saa ya kufika. Matatu huondoka likijaa! Kwa hiyo ikabidi waandike makadirio ya muda kati ya gari na gari, na kutenganisha steji rasmi na zile za desturi. Muundo ndio uliopindishwa ufuate Nairobi. Kwangu, hicho ndicho kipimo cha ujumuishaji katika kikosi cha utafiti: kama mwenye ujuzi wa mtaa anaweza kusema safu hii ya data haitufai, na safu ikabadilika. Kuhesabu sura mezani ni rahisi zaidi, na ndiyo maana taasisi hupenda kuhesabu sura.

Peter Waiganjo na Dan Orwa wa Chuo Kikuu cha Nairobi hawakuwa wenyeji wa kupokea wageni tu. Makala ya kitaaluma iliyotoka mwaka 2015 katika Journal of Transport Geography ina waandishi watano, nao ni wawili kati yao; wengine ni Sarah Williams, Adam White na Jacqueline Klopp. Wawili kwa watano si haba. Waliobeba simu, hata hivyo, hawamo katika hao watano. Kanuni ya vyuo inasema mkusanyaji hushukuriwa, mchambuzi huandikwa. Mimi naona kanuni hiyo inayumba pale ambapo kukusanya kwenyewe ni kuchambua.

Kuna pia yasiyo na mahali pa kuandikwa. Novemba 2014, miezi kumi baada ya ramani kuzinduliwa, wanawake waliandamana Nairobi kwa sababu mwenzao alivuliwa nguo hadharani kwenye steji. Mwanafunzi wa kike anajua steji ambayo hatashukia saa mbili usiku. Fomu ya GTFS haimuulizi.

Jambo moja inauliza. Ina safu ya kiti cha magurudumu: sifuri ni hakuna taarifa, moja inawezekana, mbili haiwezekani. Data ya Nairobi iliachwa wazi, yeyote aichukue bure na kuiongezea. Anayetaka kuanza aanzie Muthurwa siku ya mvua, matope yakiwa yamejaa na magunia ya viazi yameziba njia, amwombe mwenye kiti afike mlangoni mwa matatu, halafu ampe simu aandike tarakimu mwenyewe.