Programu Haijifungui: Uhakiki wa Lugha ya Maelezo ya Linux

Makala haya yanahakiki lugha inayotumiwa kueleza jambo moja dogo la kompyuta: kuifanya Linux ianzishe programu mara mtumiaji anapoingia, na kuliweka dirisha la kila programu mahali palipochaguliwa. Kwa mwalimu jambo hili lina manufaa. Anawasha mashine asubuhi na kukuta kamusi mahali pake, alama za wanafunzi mahali pake na barua pepe vilevile. Hata hivyo, maelezo ya Kiswahili tunayokutana nayo madarasani, yakiwemo yanayoandikwa na wanafunzi wetu, humpoteza msomaji kabla hajagusa kibodi.

Tuanze na kitenzi. Sentensi tunayoisoma mara kwa mara ni hii: "Firefox itajifungua katika eneo la kazi la pili." Darasa hucheka, na lina haki, kwani kujifungua ni kuzaa. Wengine hukimbilia "itafunguka". Kisarufi sentensi hiyo haina kosa, lakini inamficha mtenda. Programu haifunguki kama ua. Katika GNOME na KDE, mfumo husoma folda iitwayo autostart, iliyomo katika folda ya .config ya mtumiaji, kisha huanzisha kila programu iliyoorodheshwa humo. Kwa hiyo kauli ya kutendwa ndiyo inayofaa: "Firefox itaanzishwa na mfumo." Mwanafunzi anayemjua mtenda atajua pa kutafuta kosa programu isipotokea.

Pili, maneno "kufungua katika" yanaunganisha kazi mbili. Folda tuliyoitaja huanzisha tu. Haiamui dirisha likae wapi. Kuliweka dirisha ni kazi ya kiendelezi kiitwacho Auto Move Windows katika GNOME, au ya kanuni za madirisha katika KDE. Tena kiendelezi hicho hufuata programu, si dirisha mojamoja. Hati mbili za LibreOffice Writer zitapelekwa mahali pamoja, hata kama moja ni mtihani na nyingine ni barua. Kanuni za KDE zaweza kuangalia hata kichwa cha dirisha, zikazitenganisha. Mwandishi anayechanganya "programu" na "dirisha" hawezi kuieleza tofauti hii.

Tatu ni nomino. "Desktop" imezoeleka kuitwa eneokazi, na "workspace" huitwa eneo la kazi. Mwalimu akiyasoma maneno haya kwa imla, darasa litayatofautisha kwa silabi moja tu, ilhali "workspace" ni mojawapo ya sehemu kadhaa ambazo mtumiaji huzihama na kuzirudia kwenye skrini ileile. Tunapendekeza "ukumbi", kwa wingi "kumbi": ukumbi wa kwanza, ukumbi wa pili. Neno linajulikana, linahesabika, na linabeba wazo la kuingia na kutoka.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya wataalamu wa kompyuta. Hatukubaliani nao. Mradi wa Kilinux, uliokishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila kukaa na kuchagua istilahi, na kuchagua istilahi ni kazi yetu. Hapa Uganda, wanafunzi wetu wengi walikutana na kompyuta kwa Kiingereza kwanza. Wakisoma maelezo mabovu ya Kiswahili hawamlaumu mwandishi. Huilaumu lugha, kisha hurudi kwenye Kiingereza wakiamini kwamba Kiswahili hakitoshi.

Walimu wenzetu, tunashauri zoezi rahisi. Mwanafunzi mmoja aandike hatua hizi kwa Kiswahili, na mwenzake azifuate kwenye mashine bila kuuliza swali. Madirisha yakikaa katika kumbi zilizokusudiwa, maelezo yamefaulu. Yasipokaa, turudi kwenye sentensi na kuuliza: nani anatenda, anatenda nini, na wapi?