Milimita Mbili na Nusu

Chukua lenzi ya milimita 50 iliyoundwa kwa ajili ya kamera ya renjifainda. Zungusha pete yake ya kufokasi kutoka alama ya mbali kabisa, ile ya milima na mwezi, hadi alama ya mita moja. Vioo vyote vilivyo ndani vimesogea mbele kwa milimita mbili na nusu hivi. Kila anachoweza kukipiga picha mtu aliyesimama barabarani, kuanzia uso wa rafiki yake hadi mawingu ya upeo wa macho, kimo ndani ya mwendo huo usiofika unene wa sarafu mbili, na vidole viwili vya mkono wa kushoto ndivyo vinavyougawa.

Kamera ya aina hii haimwonyeshi mpiga picha kile inachokiona lenzi. Yeye huchungulia kwenye kidirisha kilicho pembeni, na katikati ya kidirisha hicho mna kiraka kidogo chenye mwanga, kinachobeba taswira ya pili. Pete inapozunguka, taswira mbili husogeleana. Zikilaliana sawasawa, fokasi imekaa. Kinachopeleka habari kutoka kwenye pete hadi kwenye kiraka ni kigurudumu kidogo ndani ya mdomo wa kamera, kinachosukumwa na ukingo wa nyuma wa lenzi. Kwa hiyo thredi za lenzi zikilegea hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, kiraka kinaweza kusema umefika wakati bado hujafika.

Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Mwaka 1932 kiwanda cha Leitz, mjini Wetzlar, Ujerumani, kilitoa Leica II, kamera yake ya kwanza iliyounganisha renjifainda na lenzi. Tangu hapo kazi ya mchonga metali ikawa na uzito sawa na ya msaga vioo. Ndani ya lenzi mna pete zenye thredi, moja ikiingia ndani ya nyingine, na mara nyingi moja ni ya shaba ya njano na mwenzake ni wa alumini. Metali mbili tofauti husuguana kwa amani. Alumini kwa alumini hung'ang'aniana na kulika. Lakini kuzichonga kwa mashine hakutoshi. Katika kazi iliyo bora, pete hizo hupakwa unga laini wa kusagia uliochanganywa na mafuta, zikazungushwa moja ndani ya nyingine mpaka kila kibonge kimekwisha. Zikitoka hapo ni chanda na pete: ukitwaa moja ukampa mwenzake wa lenzi nyingine, iliyofanana kwa kila kipimo, utasikia mkwaruzo.

Kisha inakuja grisi. Mtu akisifu lenzi kwamba ni laini, husifu ukinzani zaidi kuliko wepesi. Pete nyepesi mno huteleza ikiguswa na mkono wa shati. Nzito mno humfanya mpiga picha aipinde kamera nzima wakati mtoto aliyekuwa akicheka amekwisha kugeuka. Iliyo sahihi hukubali kuanza bila kuruka, huenda kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho, na hubaki palepale inapoachwa. Grisi nyembamba ikilala kati ya thredi zilizosagwa vizuri ndiyo huleta hali hiyo. Grisi nzito nayo huweza kuficha thredi mbovu kwa miaka kadhaa, kama rangi mpya kwenye ukuta wenye ufa.

Udogo wa lenzi hizi una sababu zake. Kamera ya SLR, ambayo mpiga picha huchungulia kupitia lenzi yenyewe, lazima iache nafasi ya kioo kinachoruka juu kila picha inapopigwa. Kwenye Nikon F ya mwaka 1959, mdomo wa kupachikia lenzi uko milimita 46.5 mbele ya filamu. Kwenye Leica za M, zilizoanza na M3 ya mwaka 1954, ni milimita 27.8. Lenzi pana huweza kuzamisha kisogo chake ndani ya kamera, karibu kabisa na filamu. Wala haihitaji springi za kufunga tundu la mwanga ghafla wakati shata inapofyatuka, kwa kuwa hakuna anayechungulia kupitia tundu hilo.

Walter Mandler, aliyefanya kazi katika tawi la Leitz lililokuwa Midland, Ontario, nchini Kanada, aliitumia nafasi hiyo kuliko wengi. Lenzi yake ya Summicron ya milimita 35 iliyotoka mwaka 1979 ilibeba vioo saba ndani ya kiwiliwili kinachofichika kwenye ngumi, chenye uzito wa karibu gramu 150. Chini yake ina kishikio kilichopinda kama robo ya mwezi, kinachopokea ncha ya kidole kimoja. Baada ya wiki chache kidole hukariri: kishikio kikielekea chini, umbali ni mita moja na ushei, kikisukumwa upande hadi mwisho, ni mbali kabisa. Mpiga picha wa mitaani huweza kuweka umbali kamera ikiwa bado kifuani, akainua, akafyatua, akashusha. Lenzi nyingi za kisasa zinazofokasi kwa injini huzungusha pete bila mwisho, na kidole hakiwezi kukariri mahali pasipo na mwanzo.

Kuhusu uzito wafuasi wa lenzi hizi hawakubaliani, na pande zote mbili zina hoja. Summicron ya milimita 50 yenye ganda jeusi la alumini ina gramu 240. Iliyotengenezwa kwa shaba ya njano na kupakwa kromi ilifika gramu 335, na vioo ni vilevile. Shaba humpa mkono kitu cha kushikilia, kamera ikatulia shata inapofunguka taratibu kwenye mwanga hafifu. Shingo, baada ya saa sita za kutembea, hutoa ushahidi mwingine.

Ila kuna mahali ambapo uzito huanza kuvunja mapatano. Canon ilitoa lenzi ya f/0.95, yenye tundu la mwanga pana mno, mwaka 1961. Leica ikaja na Noctilux ya kipimo hicho mwaka 2008, yenye gramu 700, nzito kuliko mwili wa M3. Ni maajabu ya vioo, na kwenye mwanga wa mshumaa hufanya kisichowezekana kwa nyingine. Lakini kamera hulala kifudifudi ikining'inia, ganda nene huziba pembe ya kidirisha, na kwa umbali wa mita moja sehemu iliyo wazi kwenye picha ina kina cha sentimita mbili hivi: jicho limo, sikio halimo. Pete yake huzungushwa kwa subira. Kwa mkono uliozoea ile ndogo ya Mandler, huu ni ufundi mkubwa uliokwenda kinyume na kamera uliyowekewa.

Uthibitisho wa yote haya hupatikana kwa bei ndogo zaidi kwenye Jupiter-8. Ni lenzi ya Kisovieti, iliyotokana na Sonnar ambayo Ludwig Bertele aliibuni kwa ajili ya kamera za Contax. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Muungano wa Kisovieti ulichukua ujuzi na mitambo ya Wajerumani. Vioo vyake bado huleta picha nzuri sana. Grisi yake, baada ya nusu karne, aghalabu imekuwa gundi.

Fundi anayeifungua hulegeza skrubu ndogo pembeni, kisha huzungusha polepole mno, akisubiri sehemu ambapo thredi zinaachana. Papo hapo huchora mstari mwembamba kwa ncha ya sindano kwenye pete zote mbili. Thredi hizi zina milango mingi ya kuanzia, na mmoja tu ndio sahihi. Akikosea mlango, lenzi itaingia na kuzunguka vizuri, lakini haitafika mbali kabisa. Husafisha kila mfereji kwa petroli nyepesi na kijiti kilichochongwa, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Hupaka grisi mpya kidogo, huzungusha, hufungua tena, hupunguza.

Mwisho huipachika kwenye kamera na kuielekeza kwenye mlingoti wa simu ulio mbali. Pete inagonga kikomo chake, na milingoti miwili ndani ya kiraka inakuwa mmoja. Anairudisha hadi mita moja, anaipeleka tena, mara hii bila kuchungulia.