Mashine ya Kusahihisha na Kitabu cha Kusadikika

Shule za Kenya na Tanzania zilipofungwa mwezi wa Machi, 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, baadhi ya wanafunzi waliokuwa na simu na intaneti walisomeshwa kwa programu za masomo. Shule zilifunguliwa tena, lakini programu hazikuondoka. Yafaa basi tuulize zinaitendea nini fasihi.

Manufaa yake si haba. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi hupunguziwa mzigo wa kusahihisha, na mwanafunzi hupata alama zake papo hapo. Lakini zoezi ambalo mashine hulisahihisha kwa wepesi ni lile la kuchagua jibu moja miongoni mwa manne, na hapo ndipo madhara yanapoingilia.

Tutwae kwa mfano Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Programu yaweza kuuliza: Karama aliwataja wajumbe wangapi katika kujitetea kwake? Sita. Nani alimshtaki? Majivuno. Ajibuye hivyo hupata alama zote, na huenda kitabu hajakifungua, bali amesoma muhtasari tu. Lakini kwa nini wajumbe waliorudi na habari za kuwafaa wenzao walitiwa gerezani? Je, kitabu kilichotoka wakati Tanganyika ikitawaliwa na Uingereza kiliwasema watawala wale, au kiliisema kila serikali isiyopenda kuambiwa? Hapa wasomaji wenye busara waweza kuhitilafiana. Mwanafunzi hana budi kushika upande mmoja na kuutetea kwa ushahidi wa kitabu chenyewe. Hiyo ndiyo elimu ya fasihi. Hesabu ya wajumbe ni mlango wake tu.

Hatusemi programu zitupwe. Nyingi zina nafasi ya kuandikia insha, na mwalimu aweza kuisoma. Tunaloliogopa ni kwamba mwalimu aliyechoka atauliza yale tu yanayopimika upesi, na mzazi aonaye alama tisini kwa mia ataridhika, asijue kwamba mtoto wake hajaulizwa neno la maana. Kila zoezi la kuchagua na lifuatwe na swali moja la kutetea, lisomwe na mwalimu, kisha lijadiliwe darasani.

Karama alishtakiwa kwa sababu ya kufundisha uanasheria, lakini hata baraza lile gumu lilimpa nafasi ya kusema. Mwanafunzi asomaye habari zake asinyimwe nafasi hiyo.