Mtu ni Afya. Na Serikali Je?

"Kujitunza" ni neno zuri. Hakuna mzazi asiyemwambia mwanawe ajitunze. Ndiyo maana linapoingia katika sera ya afya ya taifa hupita bila kuulizwa swali. Mimi naona lafaa kuulizwa, kwani laweza kubeba maana mbili zisizopatana: kumwezesha mwananchi, au kumtwisha mzigo wa mwingine.

Maana ya kwanza Tanzania iliwahi kuionyesha. Mwaka 1973, miaka 6 baada ya Azimio la Arusha, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kwa wiki 12. Walisikiliza redio, wakasoma vijitabu juu ya malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu, kisha wakakubaliana la kufanya. Vyoo vikachimbwa, vichaka vikafyekwa, madimbwi yakafukiwa.

Wako wanaoikumbuka kampeni ile kama ushahidi kwamba wananchi wakiamua, serikali yaweza kukaa kando. Huo si ukweli. Serikali ilitangulia kutimiza sehemu yake: viongozi wa vikundi walifundishwa, vijitabu vilichapwa, vipindi vilitangazwa. Tena mengi ya magonjwa yale jembe na maji yaliyochemshwa viliweza kuyapunguza. Mwananchi aliombwa alichokuwa nacho.

Miaka 20 baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1993 ulianzishwa utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Msamaha uliwekwa kwa wasio na uwezo, lakini umaskini ni jambo gumu kulithibitisha dirishani. Aliyeshindwa alirudi nyumbani akanunua vidonge viwili vitatu dukani, dozi isiyotimia. Huyo naye alijitunza! Lakini tusiite hiyo sera. Hiyo ni dhiki.

Sasa neno limerudi kwa heshima. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya kujitunza, na mwaka huohuo Bunge la Tanzania lilibadili sheria ili mtu aweze kujipima mwenyewe virusi vya UKIMWI. Hilo nalisifu. Wapo wengi, hasa wanaume, ambao aibu ya kuonekana kwenye foleni ndiyo iliyowazuia. Hata hivyo kujipima ni hatua ya kwanza tu. Jibu likionyesha maambukizi sharti lithibitishwe na mtaalamu, na dawa zipatikane siku zote. Bila hayo tutakuwa tumempa mtu habari nzito na kumwacha nayo peke yake chumbani.

Kwa kisukari na shinikizo la damu shida ni kubwa zaidi, maana hayo ni maradhi ya maisha yote. Jirani yangu, mama wa makamo, aliambiwa kliniki apime sukari yake kila siku na ale mboga kwa wingi. Mashine alinunuliwa na mwanawe. Vile vipande vya kutilia tone la damu vilipokwisha, akawa anajipima kwa kiu na kizunguzungu. Ushauri aliopewa ulikuwa sahihi kila neno. Kilichokosekana ni mtu wa kumwuliza atautekelezaje.

Ndugu msomaji, nadhani mizani ya sera kama hii ni maswali mawili. Mwananchi amewekewa nini mkononi kabla ya kuambiwa ajitunze? Na akizidiwa, mlango gani uko wazi? Hata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 yafaa ipimwe hivyo: kwa matibabu ya wodini, na pia kwa kile kipande kidogo anachokihitaji mgonjwa asubuhi akiwa kwake. Sera isiyoweza kujibu maswali hayo imeazima tu lugha ya wazazi wetu. Mzazi anaposema "jitunze", mara nyingi huwa amekwisha kumfungia mwanawe chakula cha njiani.