Kabla ya Kuuliza Ipi Inadanganya

Tuseme kompyuta moja iko Haydom, wilayani Mbulu, na nyingine iko Katesh, chini ya Mlima Hanang. Ya Haydom imeandika kwamba ilituma taarifa saa 09:14. Ya Katesh imeandika kwamba iliipokea saa 06:14, yaani saa tatu kabla haijatumwa. Mhudumu aliyekuwa zamu naye anasema ilikuwa saa tatu na robo hivi asubuhi. Mwenye haraka ataona uongo mahali fulani. Fundi aliyeiva huuliza kwanza kila shahidi anahesabu kuanzia wapi, na akishajua kwamba Katesh inaandika kwa majira ya kimataifa ya UTC, anakuta wote watatu wamesema kweli. Naisifu kazi hii ya kulinganisha kumbukumbu za kompyuta kwa sababu inamlazimu mtu kutafuta chanzo cha tofauti kabla ya kutoa hukumu.

Vyanzo hivyo ni vingi, na kila kimoja kina alama yake. Tofauti ya saa tatu kamili huelekeza kwenye majira. Inayokua kidogo kidogo kila siku, kwenye saa inayokwenda mbio au kuchelewa. Tarehe inayorudi nyuma miaka mingi baada ya umeme kukatika, kwenye betri iliyokufa ndani ya mashine. Vingine ni vya urithi. Syslog, mfumo wa kuandika na kutuma kumbukumbu za kompyuta aliouibuni Eric Allman huko Berkeley, Marekani, miaka ya 1980, ulizoea kuandika mwezi, siku na saa bila mwaka wala majira. Kanuni ya RFC 5424 ya mwaka 2009 iliviongeza, lakini vifaa vingi bado vinafuata desturi ya zamani. Tena jumbe za Syslog mara nyingi husafiri kwa UDP, njia ya kutuma data ambayo haisubiri jibu la kupokelewa. Hivyo mstari unaokosekana Katesh hauthibitishi kwamba Haydom haikutuma kitu.

Yupo atakayesema NTP, kanuni ya kulinganisha saa za kompyuta aliyoiasisi David Mills na kuichapisha mwaka 1985, hufanya kazi hiyo yenyewe. Ni kweli, na kila ofisi iitumie; ila inahitaji mtandao, na hairekebishi yaliyokwisha kuandikwa. Mwingine atasema dakika chache hazina uzito. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, kwa watoto wanaozaliwa bila kupumua, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kuwasaidia kupumua ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kifo au ya kulazwa muda mrefu. Maarifa ya namna hiyo hayapatikani pasipo saa ya kuaminika.

Ndiyo maana fundi mwaminifu hafuti mstari wowote ili kumbukumbu zipatane. Huziacha zote kama zilivyo, kisha huandika pembeni ukubwa wa tofauti na sababu yake, ili atakayekuja baadaye aweze kumhakiki hata yeye.