Kugeuza Shabaha ya Chaneli: Suala la Nafsi na Hadhira katika Video za Vlogbrothers

Katika uhakiki wa fasihi simulizi tumezoea kumtazama kwanza fanani, kisha kazi yake, na mwisho kabisa hadhira. Mpangilio huo huifanya hadhira ionekane kana kwamba ni chombo cha kupokelea maneno tu. Makala haya yanashika njia iliyo kinyume. Yanakusudia kuonyesha kwamba msimulizi aweza kubadili habari anayoisimulia mara nyingi apendavyo, na kazi yake ikabaki kuwa ile ile, maadamu hajambadili yule anayesemezwa. Mfano tutakaoutumia ni Vlogbrothers, chaneli ya video inayoonyeshwa katika YouTube, ambayo ni kazi ya Wamarekani wawili, mwandishi John Green na mdogo wake Hank.

Chaneli hiyo ilianza tarehe 1 Januari 2007 kwa mradi ulioitwa Brotherhood 2.0. Ndugu hao waliahidiana kwamba kwa muda wa mwaka mzima hawataandikiana neno, bali watasemezana kwa video, leo huyu, kesho yule. Shabaha ya awali, basi, ilikuwa ni udugu wenyewe: watu wazima wawili waishio mbalimbali walitaka kujuana upya. Mwaka ulipokwisha ahadi ilikuwa imetimia, na kazi ingeweza kukoma hapo. Haikukoma. Tangu wakati huo video hizo zimebeba habari za vitabu, sayansi, siasa, gharama za matibabu, huzuni na mzaha. Na tangu mwaka 2019, John alipozuru Sierra Leone, video zake zimeelemea mno upande wa afya ya akina mama wazazi na ugonjwa wa kifua kikuu.

Yafaa tujiulize ni kitu gani kilichoizuia kazi hii isisambaratike kwa mageuzi makubwa kiasi hicho. Jibu limo katika fani yake. Kwa kawaida video hufunguliwa kwa salamu kwa ndugu na kwa kuitaja siku, na hufungwa kwa ahadi ya kuonana siku nyingine. Msomaji wa tenzi zetu atautambua utaratibu huu bila ya taabu. Utenzi wa Tambuka, ambao mswada wake wa mwaka 1728 ni miongoni mwa miswada mikongwe kabisa ya Kiswahili tuliyo nayo, unasimulia vita baina ya Waislamu na Warumi wa Mashariki. Shaaban Robert alilitumia umbo hilo hilo kusimulia vita vya 1939 hadi 1945 katika Utenzi wa Vita vya Uhuru. Habari ziligeuka, lakini mizani nane ya kila kipande, na kina cha bahari kinachofululiza kutoka ubeti hadi ubeti, havikugeuka. Kina hicho ndicho kinachomwarifu msikilizaji kwamba bado yumo katika safari ile ile. Katika Vlogbrothers, jina la ndugu ndilo kina cha bahari.

Upo ushahidi mwingine. Ndugu hao walipotaka kufundisha historia na sayansi, hawakuyajaza masomo hayo katika chaneli yao ya kwanza. Mwaka 2012 walianzisha chaneli nyingine, Crash Course na SciShow. Somo humsemeza mwanafunzi, wala si ndugu. Na mwenye kusemezwa alipobadilika, ilibidi ijengwe nyumba mpya. Mtu aweza kudai kwamba huo ni werevu wa kibiashara tu. Hata ikiwa ni hivyo, biashara yenyewe ingekuwa imeitii kanuni tunayoieleza hapa.

Hata hivyo, si kazi ya mhakiki kulisifu umbo na kuondoka. Umbo linalomhifadhi anayesemezwa huihifadhi pia mipaka yake. Mwaka 2023 unafaa sana kwa uchunguzi huu, kwa kuwa magonjwa mawili yalikutana katika chaneli hiyo. Mwezi wa Mei, Hank alitangaza kwamba alikuwa na saratani ya tezi za limfu. Mwezi wa Julai, John aliishutumu kampuni ya Johnson & Johnson kwa kung'ang'ania hataza ya bedaquiline, dawa ya kifua kikuu sugu. Baadaye yeye na watazamaji wake waliielekea kampuni ya Danaher, na mwezi wa Septemba kampuni hiyo ikatangaza kushusha bei ya kifaa kimoja cha kupimia ugonjwa huo katika mashine ya GeneXpert, kutoka dola 9.98 hadi dola 7.97.

Saratani ilisemwa kwa nafsi ya kwanza. Mgonjwa alikuwa "mimi", na msikilizaji alikuwa "wewe, ndugu yangu"; ndivyo alivyofanya Mwana Kupona mwaka 1858, alipomsemeza bintiye naye mwenyewe ni mgonjwa. Kifua kikuu kilisemwa kwa nafsi ya tatu: wagonjwa walikuwa "wao". Tofauti hii si tofauti ya huruma. Huruma ya John haina shaka, na mapunguzo ya bei si jambo dogo. Ni tofauti ya sarufi. Pale ndugu anaposemezana na nduguye, mgonjwa wa Sierra Leone hana kiti barazani. Hata anapoonyeshwa, anaonyeshwa kwa mtu mwingine.

Wala si kwamba wagonjwa hawakuwa na kauli. Phumeza Tisile wa Afrika ya Kusini na Nandita Venkatesan wa India waliponea kifua kikuu, lakini dawa za tiba yao ziliwaharibia masikio. Mwaka 2019 waliwasilisha nchini India pingamizi dhidi ya ombi la Johnson & Johnson la kurefusha haki yake juu ya bedaquiline, na mwezi wa Machi 2023 ofisi ya hataza ya nchi hiyo ikalikataa ombi hilo. Hayo yalitokea miezi kadhaa kabla ya video ya John. Wao walisema "sisi". Umbo la chaneli laweza kuwataja watu kama hao kwa heshima, lakini haliwezi kuwafanya wasemaji bila ya kuacha kuwa barua ya ndugu kwa ndugu.

Hapa suala linatugusa sisi wenyewe. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, ya miaka 2021 hadi 2025, ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Mtazamaji aliyeko Nairobi yumo katika hadhira ya video hizo, na papo hapo yumo miongoni mwa wanaotajwa. Ni "wewe" na ni "wao" kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, tunapohakiki chaneli iliyogeuza shabaha yake, haitoshi kuuliza inazungumza habari gani siku hizi. Hatuna budi kuuliza pia inamsemeza nani, na ni nani anayetajwa tu bila ya kupewa nafasi ya kujibu.